Msiba Mmoja, Michango Mitatu

Walisema vyombo vya Elieth vimetupwa nje.

Habari hiyo niliisikia kanisani, baada ya misa ya Kiswahili, tukinywa chai kwenye ukumbi wa chini. Dada mmoja aliniinamia huku anakata keki.

"Umesikia ya Elieth wa Upper Marlboro? Ametolewa vyombo nje. Kitanda, sofa, mpaka sufuria za ugali. Kodi imemshinda."

"Nani kakwambia?"

"Aa, kila mtu anajua."

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini najua kwamba "kila mtu anajua" maana yake hakuna aliyeona. Hata hivyo habari ile iliniingia mwilini ikakataa kutoka. Tangu siku ile, kila nilipoona sofa imetupwa kando ya jaa, nilisema moyoni: sofa ya Elieth ile. Na hapa watu wanatupa sofa kila siku. Kwa hesabu yangu Elieth alikuwa na duka zima la sofa.

Naitwa Ghati. Kwetu ni Tarime. Mume wangu ni Elisante, Mpare wa Same. Tuna watoto wawili: Vumilia ana miaka kumi na minne, Fidelis ana minane. Tunakaa Greenbelt, jimbo la Maryland, Marekani, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, ghorofa ya pili. Elisante anaendesha basi la shule. Mimi namtunza bibi mmoja mzee nyumbani kwake. Namwogesha, nampikia, namfulia, nampeleka kliniki.

Naandika haya kuwaonya wenzangu, hasa akina mama. Naandika pia kwa sababu naionea fahari nyumba yangu. Sitaficha hilo.

Kwa nini habari ya Elieth ilinitisha hivyo? Sababu ni kiangazi.

Kazini kwa Elisante, shule zikifungwa mwezi wa sita, mshahara unasimama. Shule hufunguliwa mwisho wa mwezi wa nane, na mshahara wa kwanza huingia katikati ya mwezi wa tisa. Hapo katikati anapata vibarua vya kukata majani na kuhamisha mizigo. Wiki hii anapata, wiki ijayo hapati. Mshahara wangu peke yake hautoshi kodi na chakula.

Kila mwaka ni hivyo. Siyo ajali wala ugonjwa. Ni kalenda, na kalenda tunayo ukutani. Lakini kila mwaka kiangazi kilitukuta mikono mitupu, tukaanza kupiga simu za kukopa.

Kiangazi cha mwaka uliotangulia tulichelewesha kodi mara mbili. Karatasi ikabandikwa mlangoni. Tukalipa faini. Yule mama wa ofisi ya jengo alituita, akatueleza kwa upole, lakini maneno yalikuwa makali.

"Mkataba wenu unaisha mwakani, mwisho wa mwezi wa nane," alisema. "Mkichelewa tena kiangazi kijacho, hatutawaandikia mkataba mpya."

Maana yake tutahama. Tutahamia wapi, na kodi za siku hizi? Vumilia angebadilishwa shule. Mimi natembea kwa miguu kwenda kwa yule bibi ninayemtunza. Ningehitaji gari la pili.

Elisante yeye alikuwa na jibu moja. "Mungu atafungua njia, Mama Vumilia. Halafu wewe si una upatu?"

Kweli nilikuwa na upatu. Tupo kina mama kumi. Kila mwezi tunatoa, na kila mwezi mmoja wetu anapokea zote. Tuliuita akiba, na nilijiona mwerevu kwa kuwa nao.

Sasa, siku moja ya baridi mwezi wa kwanza nilikuwa chini kwenye chumba cha kufulia. Makena naye alikuwepo, anakunja mashuka. Makena ni jirani yetu wa ghorofa ya kwanza, Mkenya wa Meru. Anafanya kazi kaunta kwenye chama cha akiba na mikopo, kitu kama saccos za nyumbani. Ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na akicheka mashine za kufulia hazisikiki.

Nikamwambia, "Makena, umesikia ya Elieth? Maskini, ametolewa vyombo nje."

"Elieth yupi? Yule wa bwana mrefu?"

"Huyo huyo."

"Wacha! Elieth ako Columbia, hapa hapa Maryland. Nilimwona Jumamosi akinunua viazi, amenenepa. Bwana yake alipata kazi huko, wakahama. Vyombo vilikuwa nje ndiyo, vikingoja lori!"

"Kwa hiyo hakufukuzwa?"

"Hata. Nani anawadanganya hivi?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaniangalia. "Lakini wewe mbona macho yamejaa maji? Kwani unaogopea vyombo vya nani?"

Hapo nililia. Nililia nikiwa nimeshika soksi za Fidelis. Nikamwambia yote: kiangazi, karatasi ya mlangoni, maneno ya ofisi.

Makena akaniacha nimalize. Akasema, "Sikiza, Mama Vumi. Jumapili mkitoka kanisa nitapanda kwenu. Baba Vumi awe hapo. Simu zenu zote mbili ziwe na chaji. Na uniwekee chai ya tangawizi, mimi sifundishi na kiu."

Jumapili alikuja. Elisante alikuwa amekaa kwenye kochi, mikono kifuani, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Baba Vumi," Makena alisema, "pesa zenu huenda wapi?"

"Kodi, umeme, gari, chakula, nyumbani Tanzania. Basi. Mimi sinywi, shemeji. Sivuti. Hata nywele nanyolewa na mke wangu."

"Inaonekana," Makena alijibu.

Vumilia akapasuka kicheko huko jikoni. Elisante mwenyewe akashika kichwa chake, akacheka. Mikono ikatoka kifuani.

"Haya," Makena aliendelea. "Nataka kuona pesa mlizotuma kwa simu mwezi uliopita. Zote. Weka simu hapo mezani, na wewe Mama Vumi weka yako kando yake."

Tukaziweka. Tukafungua magrupu ya wasapu, moja baada ya jingine, kwa sababu michango yetu yote hupitia huko. Wote mnajua inavyokuwa. Mtu akifiwa, mhazini anaweka picha ya marehemu, halafu anaweka orodha ya majina. Ukitoa, kiasi chako kinaandikwa mbele ya jina lako. Usipotoa, jina lako linakaa tupu, na orodha inatumwa upya kila jioni.

Makena alisimamisha kidole. "Huyu mama wa kilemba cha kijani ni nani?"

"Mama mzazi wa Tobias," Elisante alisema. "Alifariki Moshi. Tobias anafanya kazi na mimi. Hapo ni grupu la watu wa Kilimanjaro. Nilitoa dola mia."

"Pole. Na huyu kwenye simu ya Mama Vumi?"

Nikaangalia. Kilemba cha kijani. "Hilo ni grupu la akina mama wa kanisa. Nilitoa mia."

"Na hapa kwa Baba Vumi tena? Hili grupu kubwa la Watanzania wote?"

Kilemba kile kile. Elisante akakohoa. "Hapo nilitoa mia nyingine. Orodha ilikuja, jina langu halina kitu. Boniface mhazini akanipigia simu, ananiuliza kama nimesafiri."

Makena akaegemea kiti. "Kwa hivyo mama mmoja mmemzika mara tatu."

Fidelis, aliyekuwa anachezea gari lake sakafuni, akainua kichwa.

"Alikufa mara tatu?"

Tulicheka mpaka Makena akamwaga chai. Lakini mimi ndani nilikuwa nawaka. Mia tatu! Kwa msiba mmoja! Na Tobias mwenyewe wala hajui, kwa sababu pesa zilimfikia kwenye bahasha tatu tofauti, na mbili zina jina la Elisante peke yake.

"Kwa nini hukuniambia umeshatoa?" nilimuuliza mume wangu.

"Na wewe mbona hukuniambia? Nilijua wewe unatoa ya wanawake, mimi natoa ya wanaume. Si ndivyo tunavyofanya wote hapa?"

"Ndiyo maana wote mnalia mwezi wa saba," Makena alisema.

Tukaendelea kuangalia. Kulikuwa na ubatizo, tumechangia mara mbili. Kulikuwa na harusi ya Dodoma, ya mtu ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Michango ya mwezi ule ilifika dola mia nne. Kumbe ndiyo pesa tuliyokuwa tunaitafuta chini ya kochi kila kiangazi!

Elisante akakunja uso. "Sasa shemeji, unataka nisichangie misiba? Siku nikifiwa mimi, nani atakuja? Hapa hatuna wajomba. Hawa ndio ndugu zetu."

Lilikuwa neno la kweli. Makena hakulicheka.

"Sijasema msitoe. Hata mimi natoa. Nasema nyumba moja itoe mara moja, kwa majina mawili. Baba na Mama Vumi, bahasha moja. Mtenge mfuko wa michango, tuseme mia kwa mwezi. Ukiisha, umeisha. Mkiitwa tena mwezi huo, pelekeni mikono. Kupika, kuosha vyombo, kuchukua wageni uwanja wa ndege. Mfiwa anahitaji hayo sana."

Halafu akatuuliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa. "Kiangazi mnapungukiwa kiasi gani?"

Tukatazamana. Kila mwaka tulikuwa tunapungukiwa, lakini kiasi gani? Hatukujua. Tukakaa na kuhesabu kodi, chakula, umeme wa kiyoyozi, gari. Tukatoa mshahara wangu. Upungufu wote wa kiangazi ulikuwa kama dola elfu mbili na mia tano.

Ajabu, nilipoisikia ile tarakimu nilipumua. Niliogopa kitu kisicho na umbo. Sasa kina kiasi.

"Mko na miezi mitano ya mshahara kabla shule zifungwe," Makena alisema. "Hiyo ni mia tano kila mwezi. Kiangazi ni bili. Mnalipa umeme kila mwezi? Basi na kiangazi mlipe kila mwezi."

"Mia tano!" Elisante aliruka. "Itoke wapi?"

"Mia tatu si tumeipata kwa michango? Tutafute mia mbili."

Tukaitafuta. Tulikuwa tunalipia chaneli za televisheni ambazo hakuna anayezitazama. Elisante anaangalia mpira kwenye simu. Ijumaa tulikuwa tunaagiza piza, na anayeleta tunamlipa juu. Nyumbani tulikuwa tunatuma pesa mara nne au tano kwa mwezi, kidogo kidogo, na kila mara tunakatwa ada. Na Elisante alikuwa na pesa za ziada akiwapeleka wanafunzi kwenye michezo. Hizo zilikuwa zinayeyuka tu kwa sababu hatukuzipangia kazi. Makena akasema matumizi yapangwe kwa mshahara mtupu. Za michezo ziende kiangazi zote.

Mia mbili ikapatikana, na kidogo ikazidi, tukaitenga pembeni kwa dharura.

Nikajitetea. "Na upatu wangu je? Ile si akiba?"

"Zamu yako ni lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Na ofisi itangoja kodi ya mwezi wa saba mpaka wa kumi?"

Nikammiminia chai nyingine.

"Upatu ni mzuri," Makena alisema. "Unakusaidia kununua kitu kikubwa. Maliza huu, usiwaache wenzako njiani. Lakini usiingie wa pili, na usiuhesabu kama pesa ya dharura. Pesa ya dharura ni ile unaweza kuchukua kesho."

Juma lile lile tulifungua akaunti ya kiangazi kazini kwa Makena. Haina kadi. Siku mshahara wa Elisante unaingia, pesa inahamishwa yenyewe kabla hatujaishika. Ukitaka kuitoa, lazima uende kaunta wewe mwenyewe, usimame mstari, umwambie mtu. Elisante alisaini na kalamu yake mwenyewe, akaiangalia ile karatasi kama cheti cha ubatizo.

Kazi ngumu ya kwanza ilikuwa kumpigia mama yangu Tarime.

"Mama, kuanzia mwezi huu nitatuma tarehe tano, mara moja, zote pamoja."

"Na mtu akiumwa tarehe kumi?"

"Akiumwa nipigie, tumetenga kidogo pembeni. Lakini bati la banda la ng'ombe siyo ugonjwa, mama."

Nikaogopa nimemkosea. Halafu akasema, "Ng'ombe mwenyewe alishauzwa, mwanangu. Hiyo tarehe tano ni nzuri. Nilikuwa nashinda nimeshika simu kama mlinzi. Sasa nitajua lini niende dukani na lini nilale."

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Mimi, kwa woga wangu, nilikuwa nampigia Makena kila wiki kuuliza kama pesa ipo. Mwishowe alisema, "Mama Vumi, huku hakuna panya. Lala."

Jaribu lilikuja mwezi wa nne.

Boniface mhazini alikuwa anamwoza binti yake. Sherehe ya kumuaga ilipangwa kufanyika ukumbini, mwisho wa mwezi. Orodha ikatoka: kadi ya mtu mmoja mia na hamsini, kadi ya mume na mke mia tatu. Mfuko wetu wa michango ulikuwa umebaki na hamsini. Boniface akapiga simu Jumamosi mchana, wakati tunakula. Elisante akaiweka mezani, sauti tunaisikia wote.

"Ndugu Elisante! Naona jina lako limekaa uchi. Nikuwekee mia tatu, au wewe ni mtu mzito niweke tano?"

Namjua mume wangu. Ana moyo mkubwa, na hapendi kuonekana mdogo mbele za watu. Akasema, "Nitakujulisha, Boniface."

Alipokata simu, aliniangalia. "Itatoka kwenye ile ya kiangazi. Nitairudisha mwezi wa tano."

"Utairudisha kwa pesa ipi? Mwezi wa tano una pesa zaidi?"

"Ghati, ni Boniface! Alinipokea uwanja wa ndege siku ya kwanza nafika nchi hii. Nilikuwa nimevaa kandambili kwenye theluji. Alinipa viatu vyake."

"Najua. Na mama wa ofisi je, yeye alikupa nini? Neno moja tu alitupa. Baba Vumilia, unataka Boniface akuone mtu mzito mwezi wa nne, halafu mwezi wa tisa aje kutusaidia kubeba vitanda?"

Alisimama akachukua funguo za gari. "Naenda kuitoa."

Sikumzuia. Nilisema tu, "Nenda. Leo Makena yuko kaunta."

Akafika mlangoni. Akasimama na mkono kwenye kitasa. Nilimwona anafikiri: mstari, kaunta, Makena na sauti yake ile, watu wote wanamsikia akiuliza, "Baba Vumi! Kwani kiangazi kimefika mapema?"

Akarudi akakaa. Akaanza kucheka peke yake. "Huyu mwanamke wa Meru ametufunga pingu," alisema.

Akachukua simu akaandika kwenye grupu kubwa, mbele ya watu wote. Nilisimama nyuma yake nikasoma: "Familia ya Elisante na Ghati: dola hamsini. Mfuko wetu wa michango mwezi huu umefika mwisho. Siku ya sherehe tutafika alfajiri kupika pilau ya watu wote. Boniface, tuandalie sufuria kubwa."

Grupu likawaka. Mmoja akaweka sura za kucheka. Mwingine akaandika, "Hamsini ya familia nzima, au ya Fidelis peke yake?"

Elisante akajibu, "Fidelis hachangii. Fidelis anakula. Ongezeni mchele."

Nilimpenda upya siku ile, nawaambia ukweli.

Haikuwa rahisi. Baada ya hapo maneno yalizunguka. Walisema tumefilisika. Walisema Elisante amefukuzwa kazi. Yule dada wa keki alinishika mkono kwa huruma, akaniuliza kama watoto wanakula. Nilirudi nyumbani nimenuna. Lakini siku ya sherehe tulifika mapema kuliko mpiga muziki. Elisante alikata vitunguu mpaka macho yakavimba. Nilipika sufuria tatu za pilau, na hakuna iliyobaki hata ya kufungia mtu. Boniface alikuja jikoni na suti yake, akala ukoko kwa mkono, akasema, "Shemeji Ghati, walioleta mia tatu wamekaa huko wanangoja kuhudumiwa." Kisha akamvuta Elisante pembeni. Walizungumza muda mrefu. Baadaye niliambiwa alikuwa anauliza ile akaunti isiyo na kadi inafunguliwaje.

Kiangazi kikafika. Basi likaegeshwa. Mshahara ukasimama, kama kawaida yake.

Tarehe moja ya mwezi wa saba, asubuhi, Elisante alipiga pasi shati la kanisani. Nikamwuliza anakwenda wapi. "Ofisini kulipa kodi," alisema. Kodi tunaweza kuilipa kwa simu. Lakini alitaka kwenda kwa miguu yake, aingie kwa mlango wa mbele, yule mama amwone. Alirudi na risiti, anaipepea kama anasikia joto.

Mwezi wa nane tukalipa tena tarehe moja. Katikati, betri ya gari ilikufa. Zamani ningelia. Safari hii tulitoa kwenye kile kidogo tulichotenga pembeni, tukanunua nyingine, na jioni tukala chapati. Hatukukopa kwa mtu. Hakuna aliyeona jina letu kwenye simu yake akasema, "Hao tena."

Wiki ya mwisho ya mwezi wa nane, tuliitwa ofisini. Nilibeba risiti zote mkononi, ingawa nilijua hatudaiwi. Yule mama alikuwa na mkataba mpya mezani. Alituonyesha pa kusaini. Nilisaini jina langu lote, Ghati na la baba yangu, taratibu, kwa mwandiko wa darasa la saba. Ulikuwa mwandiko mzuri.

Tulipotoka, Vumilia alikuwa anatungoja nje na begi lake jipya la shule. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama tunabaki.

Nikamjibu kwa Kiswahili changu, kwa sauti, watu wakageuka: "Tunabaki!"

Kodi ya mwezi wa tisa ilikuwa imeshawekwa. Na shule zilipofunguliwa na mshahara ukarudi, mia tano iliendelea kuhama yenyewe, kwa sababu kiangazi kingine kinakuja.

Wenzangu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usichangie msiba mmoja kwenye magrupu matatu. Kabla hujatuma, muulize mwenzako kama ameshatuma.

Usikae bila kujua unapungukiwa kiasi gani. Hesabu, hata kama inatisha.

Usipange matumizi kwa mwezi wenye pesa za ziada. Panga kwa mwezi mwembamba.

Usingoje kuona kitakachobaki ndipo uweke akiba. Weka siku ya mshahara, kabla ya kitu chochote.

Usiweke akiba mahali unapoweza kuichukua ukiwa umelala kitandani.

Usiuite upatu pesa ya dharura. Na usiingie upatu wa pili kulipia wa kwanza.

Usitume pesa nyumbani kila simu inapolia. Chagua tarehe, waambie.

Usimfiche mume au mke unachotoa.

Usione haya kusema mfuko umefika mwisho. Nenda ukapike.

Usiamini vyombo vya mtu vimetupwa mpaka umpigie simu.

Usile pesa ya mwezi wa saba mwezi wa nne.